Mkoche Badala ya Zege

Kaka yangu alitaka kumwaga zege uani, apate pa kuegesha gari lake akija kututembelea. Mama alitaka papandwe mkoche, mti wa majani ya kusukia. Mimi nilikuwa upande wa mama, na sikuona haya kusema hivyo.

Mama alisuka ukili wa mikeka kijijini Jambiani tangu utotoni. Magoti yalipomshinda tukamleta huku Amani, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, ninamokaa mimi. Hapa mjini hakuwa na la kufanya. Miyaa ya kununua, yale makuti machanga ya mkoche yanayosukwa, aliikataa, akasema imekauka mno, inamkatikia. Akawa anakaa barazani vidole vikisuka pindo la kanga yake. Ilikuwa ikiniuma kumuona vile.

"Bi mkubwa, mkoche ni miaka," kaka alimwambia. "Utauvuna lini?"

Alisema kwa upole, kana kwamba upole unafuta neno. Mama akarudia pindo la kanga yake. Mimi nikapandwa na hasira, maana sikuona nani alimpa yeye kazi ya kumhesabia mama siku zake.

Kesho yake nikaenda Darajani. Muuza miche akaniuzia mmoja kwenye kopo, majani yametandaa kama kipepeo cha kupepea mkaa, akaapa kuwa ni mkoche wenyewe. Mama alipitisha kidole gumba kwenye kikonyo cha jani mara moja tu.

"Laini huu. Mkoche una miba, imejikunja kwa juu. Na jani lake lina ujivujivu. Huu nnaujua, wa mapambo ya hotelini."

Mtoto wa msukaji mzima, nimeuziwa pambo! Nikapanda gari nikaenda Jambiani mwenyewe na mtarimbo wangu.

Nyuma ya nyumba yetu ya zamani ardhi ni mawe matupu. Mche wa kwanza niliuvuta kwa pupa, nikabaki na majani mkononi, mzizi umebaki kwenye ufa wa jiwe. Wa pili ulikuwa mdogo zaidi, majani mawili tu. Kwanza nikafunga kitambaa kwenye jani lililoelekea mawio, kama mama alivyoniagiza, ili na mjini uelekee vivyo hivyo. Halafu nikachimba mbali na shina, taratibu, tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka mzizi wote ukatoka na udongo wake. Nikauviringisha kwenye gunia bichi.

Niliupanda katikati ya ua, pale pale penye alama za chokaa alizochora kaka kwa ajili ya zege lake. Makusudi.

"Mti wa porini huo, utatuletea mashetani," jirani alisema juu ya ukuta.

"Waje," nikamjibu, "watusaidie kuteka maji."

Majani yale mawili yakawa manjano, yakakauka. Kaka alikuwa akija akiutazama tu, na mimi nikimtazama yeye. Miezi ikapita. Ndipo moyo ukachomoza, jani jipya lililofungamana kama mwavuli. Nililia. Nikauwekea uzio wa miti kwa ajili ya kuku, na kila alfajiri nikaupima kwa shibiri.

Alfajiri moja nikatoka, moyo haupo. Umekatwa kwa kisu, mkato safi. Nikainua macho nikauona umechanwa vipande vinne, umeanikwa kwenye kamba ya nguo.

"Mama! Umeuua!"

"Moyo ndio mwaa wenyewe, haungojwi ufunguke," alinijibu kutoka barazani. "Ukishafunguka haufai. Wewe ulidhani nimepanda ua la kutazama?"

Siku mbili sikusema naye vizuri. Yeye hakujali. Miyaa ilipokauka akakaa chini, akanyoosha miguu yake mibovu, akasuka.

Ijumaa kaka alikuja baada ya sala. Mama akamwita, akamtia mkononi ukili mwembamba, haukutimia hata shibiri.

"Uliniuliza ntavuna lini," akamwambia. "Nshavuna. Zege lako kamwage kwako."

Kaka alisimama na ukili wake kiganjani. Mama akanigeukia mimi, akaniuliza nangoja nini kuutia maji mkoche.