Kichuguu cha Kukhu Nilichokiita Kifaa

Mimi ndiye niliyemtoa Nekesa shuleni, msichana aliyekuwa wa kwanza katika darasa la saba. Watu wanadhani ni uvivu wake. Nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuongea na ubao. Macho ya watu yananishinda.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na Form Two yangu, nikapewa kufundisha sayansi shule moja kati ya Busia na Malaba. Eti mwalimu, na chuo cha ualimu sijakiona hata kwa nje. Vifaa vyangu vilikuwa chaki na kitabu kimoja chenye picha za ndege wa Ulaya wamekaa kwenye theluji.

Tukaambiwa mkaguzi anakuja. Nikaogopa kuchekwa. Basi nikabeba jembe, nikawapeleka watoto kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shule, tumchimbue malkia wa mchwa awe kifaa cha kumwonyesha mkaguzi.

Nekesa akasema, "Mwalimu, hicho ni cha kukhu wangu." Kukhu ni nyanya, yaani bibi.

Huku kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama vile ng'ombe. Nimezaliwa hapa, nilijua. Lakini Form Two ilikuwa imenipanda kichwani.

"Ni yeye alikijenga?" nikamuuliza. Darasa likacheka.

"Hapana, mwalimu. Lakini ukitoa malkia, kumbikumbi hawatatoka tena. Na hao ndio kukhu anauza sokoni nipate ada."

"Rudi nyuma, profesa."

Wakacheka tena. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu maishani, na nilisikia utamu. Mjinga mimi. Somo lote la siku hiyo alikuwa amelifundisha yeye, kwa maneno machache.

Tukamtoa malkia, mnene kuliko kidole gumba changu. Spiriti hatukuwa nayo, nikamtumbukiza kwenye chupa ya waragi, pombe kali kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkaguzi akaigeuzageuza ile chupa, akaandika kwamba mimi ni kijana mbunifu. Mbunifu wa kuharibu shamba la mwanamke mzee.

Mvua ikaja. Vichuguu vya majirani vikatoa kumbikumbi mpaka kuku wakachoka kula. Cha kukhu kilinyamaza. Muhula uliofuata, Nekesa hakuja.

Aliyekuja ni kukhu mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, umemtia mama yao kwa pombe ili watoto wasome nini?"

Nikageukia ubao, nikaandika tarehe. Akaenda zake.

Mchana hedimasta akaniuliza, "Yule msichana wa kwanza yuko wapi?"

Mimi, shujaa wa jembe, nikasema, "Sijui, bwana."

"Basi andika mtoro."

Nikaandika, kwa wino. Jina lake likaondolewa kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wenzake wameshaufanya. Angeweza kurudia mwaka ujao, lakini mtoro hapokelewi. Nikimkuta Malaba na karai la ndizi kichwani, bado ananiita mwalimu. Heri angenitemea mate.

Nyinyi mnaofundisha na mnalia hamna vifaa, kabla hamjachimba kitu, ulizeni kinamlisha nani. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, hata mkitetemeka. Kutoka darasa langu mpaka ofisi ya hedimasta ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi. Sijazitembea.