Mstari kwenye Mguu wa Fundi Soli

Ukitaka kumkasirisha Fundi Soli, mwambie viatu vizuri vinapatikana dukani. Miaka thelathini na mitano alikaa kwenye kibanda chake cha mabati, ngozi mapajani, kisu mkononi, akishona na kubandika viatu vya mtaa mzima. Alipotimiza sitini akaamua kutimiza nadhiri yake ya siku nyingi: kwenda kumwona dada yake, aliyeolewa nchi ya jirani, kwa miguu yake mwenyewe. Mwendo wa siku kumi na mbili. Mkewe alimwambia amerukwa na akili, kisha akamtuma kaka yake afuatane naye.

Basi wakashika njia, Soli na shemeji yake, mwashi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Siku ya tano wakavuka mpaka. Siku ya saba, wakiteremka kwenye changarawe, Soli akateleza, na kipande cha bati kilichotupwa kando ya njia kikamchana juu ya kisigino. Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa. Mtu mwingine angekiosha, akakifunga kitambaa, yakaisha. Soli akatoa kichupa mfukoni, akaziba kidonda kwa gundi ya viatu.

"Shemeji, huo ni mguu, si kandambili," mwashi akamwambia.

"Gundi hii imeshika soli za watu wazito kuliko wewe. Twende."

Wakaenda siku mbili. Siku ya kumi asubuhi Soli hakuweza kukanyaga. Gundi ilikuwa imefungia uchafu ndani, na uvimbe ulikuwa umepanda kutoka kisigino hadi nusu ya muundi, ngozi imekaza inang'aa, joto lake unalihisi kabla hujagusa. Mwashi aliutazama mguu ule asiseme neno. Hapo ndipo Soli alipoingiwa na hofu, maana tangu amwoe dada wa mtu yule hakuwahi kumwona amekosa la kusema.

Mwashi akambeba mgongoni hadi zahanati ya mji mdogo uliokuwa mbele yao. Vyumba vitatu, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, benchi moja refu kwenye ukumbi. Nesi alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na lugha yake hawakuijua hata salamu. Akatoa ile gundi taratibu, akaosha kidonda, akachoma sindano, akatundika dripu. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akainama, akazungusha mstari kwenye muundi, palepale uvimbe ulipoishia. Akasema maneno mengi kwa upole. Akapitisha ukingo wa kiganja juu ya mstari, akaonyesha saa ya ukutani, pale mshale ungefika saa kumi, akatoka.

Sasa, mimi na wewe huenda tungelala tukasubiri dawa ifanye kazi. Lakini huyu alikuwa fundi viatu. Maisha yake yote kalamu ikipita juu ya ngozi, kisu hufuata. Hakukumbuka mstari hata mmoja aliouchora asiukate.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona nini?"

"Amepima. Saa kumi wanaukata, hapa."

"Acha maneno hayo, shemeji."

"Wewe ukivuta uzi kwenye ukuta, unauvuta kwa urembo?"

Mwashi akainuka kwenda kutafuta mtu yeyote anayejua lugha yao.

Soli akabaki peke yake. Chumba cha pili vyuma viligongana kwenye sinia. Akatazama saa: saa nane na nusu. Akajaribu kujiona kibandani na mguu mmoja, akibandika viatu viwili viwili vya watu. Juu ya meza nesi alikuwa ameacha pamba yenye spiriti. Akanyoosha mkono, akaichukua, akasugua mstari mpaka ukafutika wote.

Saa kumi kasoro mwashi akarudi na mfagiaji wa sokoni, mama mtu mzima aliyewahi kuishi upande wao wa mpaka. Nesi akaingia nyuma yao, akaufunua mguu, akasimama ghafla. Akapandisha sauti.

"Anauliza nani kafuta," mfagiaji akasema.

"Mimi," Soli akajibu. "Mwambie sikatwi."

"Nani kakwambia unakatwa, kaka yangu? Mstari ule ni wa kutazamia uvimbe. Uvimbe usipouvuka, dawa inafanya kazi, unalala hapa. Ukiuvuka, dawa imeshindwa, unapelekwa hospitali kubwa upasuliwe usaha utoke, kabla mguu haujaharibika kweli. Gari ni moja, linaondoka sasa hivi na mama mjamzito, halirudi hadi kesho. Na sasa yeye hajui uvimbe umepanda au umetulia. Mstari ulikuwa wapi?"

Wote wakamtazama. Soli akautazama mguu. Hakuhitaji kukisia. Jicho lililopima ngozi miaka thelathini na mitano lilikumbuka mstari ulipopita, na lilikuwa limeshaona lisilotaka kuona. Akisema ulikuwa juu zaidi, nani angembishia? Asingeguswa na kisu chochote siku hiyo.

"Nipeni kalamu," akasema.

Akauchora mstari mahali pake. Uvimbe ulikuwa umeupita kwa vidole viwili. Nesi alitupa jicho mara moja tu, akakimbilia nje akiita dereva asiondoke.

Soli alipozinduka kesho yake katika hospitali kubwa, kulikuwa kumekucha. Chini ya goti hakusikia chochote. Hakuthubutu kufumbua macho.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Mguu?"

"Nao upo."

"Usinitanie leo, nakuomba."

"Naapa kwa dada yangu, upo."

Soli akaingiza mkono chini ya shuka, akaupitisha kwenye paja, kwenye goti, kisha mkono ukagoma kabisa kwenda mbele.

"Nishike mkono, unisukumie," akasema.

Mwashi akaushika, akausukuma polepole, wakapita bandeji nene mpaka ilipokwisha. Vidole vya mguu vilikuwa hapo, vya baridi kidogo. Soli akavihesabu. Akavihesabu tena.