Mwezi Mchanga Ulikuwa Wangu

Watu wa Wamaza wakimkumbuka mume wangu husema, "Yule alikuwa mwanaume. Alipenda nyumba yake." Nyumba yake! Wanasahau kwamba alikuwa na nyumba mbili, na mimi nilikuwa ile ya pili.

Bibi mukubwa alikaa Kasongo, nyuma ya msikiti, na watoto wake. Mimi nilikaa Wamaza na wangu. Katikati yetu kulikuwa na barabara ya matope, na mume wetu alikuwa humo akisukuma kinga, baiskeli iliyobebeshwa mpaka mtu mwenyewe huwezi kumwona: mchele na bidoni za mawese kwenda sokoni Kasongo, chumvi na sabuni kurudi kwetu. Akifika hakulala. Utamkuta juu ya paa anapanga nyasi, kesho yuko shambani nami, kiuno chini. Nilipojifungua alikwenda kisimani mwenyewe, ndoo kichwani, wanaume wenzake wakacheka, "Wamemulisha dawa huyu!" Naye akacheka, akaenda tena.

Lakini najua hata kule alibeba ndoo.

Zamu aliigawa kwa mwezi wa mbinguni. Ukiandama, alikuwa kwangu mpaka upevuke. Ukishapevuka, alikuwa kwa bibi mukubwa mpaka ufe. Hata hapo wivu ulinikamata: yeye ndiye wa kukaa naye uani kwenye mwanga, mimi nimeachiwa kijimwezi chembamba kama ukucha! Nilipomwambia, alinitazama tu, akasema, "Mama, mwezi sikuukata mimi."

Vitu vingine alivikata mwenyewe, na alivikata sawa, jamani, sawa mpaka inaudhi. Mche wa sabuni aliupasua kwa uzi. Kitenge kilikuwa cha jora moja, rangi ileile. Wachuuzi waliotoka Kasongo niliwauliza: amevaa nini yule? Anapikia sufuria gani? Nilitafuta mahali alipozidishiwa ili nipate kugomba, au mahali nilipozidishiwa mimi ili nipate kulala vizuri. Sikupata hata kimoja. Ndoa ya watu wawili ina ugomvi wake, ikiisha imeisha. Uke wenza kwa mume mwadilifu, huna hata pa kumshitakia.

Kitu kimoja tu nilijua ni changu. Akifika na miguu imevimba, nilipasha mawese kwenye kikopo, nikamsugua nyayo na mashavu ya miguu mpaka akasinzia. Hilo hakulisema kwa mtu. Nikajiambia: haya, hapa nimemshinda yule.

Halafu akaugua, akiwa Kasongo, katika siku za bibi mukubwa. Tumbo lilijaa maji, macho yakaanza kufifia, waganga wa hospitali wakamrudisha nyumbani. Mwezi ulipokaribia kuandama, mtu wa pikipiki alinifikia na ujumbe: "Bwana yako anaomba ruhusa. Barabara haiwezi tena. Anaomba umukubalie abakie kule."

Ndivyo dini yetu inavyotaka: mgonjwa hakai nyumba moja mpaka mke mwingine aridhie. Wangapi wanaikumbuka wakiwa wazima? Yeye aliikumbuka akiwa hoi. Mwanamke mwingine angesema, eh, masikini, akae.

"Ruhusa sitoi," nikasema. "Mwambie zamu yangu naifuata hukohuko."

"Weye mama! Mutu anakufa!"

"Basi afe akiwa kwangu."

Hilo ndilo nililolitaka, na sikulificha. Kama ni kufa, afie katika siku zangu.

Nilipanda pikipiki hiyohiyo na mtoto wangu wa mwisho mgongoni. Bibi mukubwa alinipokea mlangoni, akanishika mikono miwili. "Karibu, mudogo wangu. Chumba ni chako." Akahamisha mkeka wake akaenda kulala na watoto. Nikaingia. Mtungi kama wangu. Kitenge kama changu. Na pale kando ya mafiga, kikopo cheusi, ndani kuna mawese yaliyoganda.

Nilikitazama kile kikopo, moyo ukaniwaka. Kumbe!

Nilimwuguza mwezi mchanga wote. Nilimwosha, nilimlisha, nilimsugua miguu kwa mawese ya mwenzangu. Kila jioni niliuangalia mwezi unanenepa na nikauchukia. Ukapevuka. Mume wetu bado anapumua.

Asubuhi yake zamu haikuwa yangu tena. Nilijua, kila mtu nyumbani alijua. Lakini nilibaki nimekaa pale kitandani, na bibi mukubwa hakunitoa. Baada ya adhuhuri mgonjwa alifungua macho ambayo hayakuona kitu. Akauliza, sauti ndogo, "Leo niko kwa nani?"

"Uko kwangu, bwana," nikasema.

Bibi mukubwa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alisikia. Mgonjwa naye alisikia nyayo zake, akageuza uso upande ule. "Ni kweli?"

Nikamtazama yule mwanamke. Neno moja lake lingetosha kunitoa chumbani.

"Iko kweli, bwana," akasema. "Iko zamu yake."

Akaweka uji chini, akatoka nje. Mume wetu alilala mkono wake ukiwa katika wangu, na kabla ya alasiri akakata roho.

Tulikaa eda nyumba moja, mimi na yeye. Wageni walipouliza alikuwa na nani, yeye ndiye aliyenitangulia kujibu: "Alikuwa na mudogo wangu. Alifia katika siku zake." Watu wakaitika, wakanipa mkono. Nami nikaupokea.

Ingekuwa mimi nimesimama pale mlangoni na bakuli, nisingempa siku yangu. Naye alilijua hilo, akanipa.