Kamba ya Mwalimu Gervas

Kila ninaposikia harufu ya katani iliyoloana, sikio langu la kushoto huanza kuvuma. Zaidi ya huo mvumo halisikii kitu. Nilikuwa darasa la saba, nimesimama ubaoni na chaki mkononi, na kofi la Mwalimu Gervas lilinikuta hata sijamaliza kuandika sitini. Nilipoinuka sakafuni damu ilikuwa inanichuruzika shingoni.

Ngoja nirudi nyuma, maana nimechoka kuisimulia vipandevipande.

Shule yetu ilikuwa upande wa Mwamkulu, kwenye mpunga, miaka ya tisini. Ijumaa hatukusoma. Tulikwenda kupalilia shamba la Mwalimu Gervas, aliyetufundisha sayansi, na hiyo ikaitwa elimu ya kujitegemea. Nani alikuwa anajitegemea, mniambie nyie. Alikuwa na kamba ya katani aliyosema ni ya mita kumi. Anaivuta kwenye matope, anakupimia ngwe yako, kamba moja kwa kamba moja, ukimaliza unakwenda nyumbani. Asiyemaliza alichapwa Jumatatu. Rafiki yangu Skola, mwembamba kama ufito, alichapwa karibu kila Jumatatu.

Siku moja akatupa hesabu ya mwendo. Tulipima kwa kamba ileile kutoka mlango wa darasa hadi kalavati ya barabarani: kamba kumi. Skola akatembea, mwalimu akitazama saa yake: dakika mbili. Umbali gawanya kwa muda. Wenzangu wote wakaandika mita hamsini kwa dakika.

Mimi sikuridhika. Hatua zangu nilizijua, kwa sababu nilikuwa namsaidia baba kupima ekari za watu, na nilipozihesabu kutoka mlangoni hadi kalavati zilizidi sana zile za mita mia. Nikaazima futi ya Mama Anjela, fundi cherehani, nikaifuata kamba ilipoanikwa kwenye senyenge.

"We Leokadia, unapima kamba ya mwalimu? Leo utazikwa!" Skola alisema, lakini ncha ya pili alinishikia.

Mita kumi na mbili. Tulirudia mara tatu.

Kesho yake nikainuliwa kufanya hesabu ubaoni. Nikaandika mia moja ishirini gawanya kwa mbili. "Mwalimu, kamba yako imezidi mita mbili," nikasema, tena kwa adabu. Maiko akapayuka kutoka nyuma, "Ndo maana ngwe haziishi!" Darasa likaangua kicheko. Nikageuka kuandika jibu. Mengine nimeshawaambia.

Baba alibeba jogoo akaenda kuomba msamaha. Kuomba, siyo kuombwa. Aliporudi aliniambia bila kuniangalia, "Mwalimu ndiye mwenye kipimo, mwanangu. Wewe ni nani?" Mwalimu mkuu, Patrisi, alimpokea jogoo, halafu akanifuta kwenye orodha ya mtihani wa darasa la saba, eti mtovu wa nidhamu. Wenzangu wakifanya mtihani, mimi nilikuwa naamia ndege shambani wasile mpunga.

Miaka mingi niliamini nimekosea hesabu. Binti yangu alipoingia sekondari nikamwandikia ile hesabu kwenye karatasi ya sukari. "Mama, mbona umepata?" akasema. Nikakaa chini. Kisha akanizidishia kumi na mbili kwa kumi na mbili, na hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekishika bila kujua: ngwe ya mita za mraba mia moja ilikuwa mia moja arobaini na nne. Karibu ngwe moja na nusu kila Ijumaa, kwa watoto. Na aliyeikata ile kamba alijua ameikata wapi.

Gervas, nasikia umestaafu, unakaa Mpanda mjini. Patrisi, wewe ndiye uliyeshika kalamu. Nyie wawili njooni msimame mbele ya wazazi waliobaki huku, mseme kwa midomo yenu: mtoto aliyepata jibu sahihi, jina lake mlilifuta kwa kosa gani?