Siku Tuliyompa Sukari Mgonjwa wa Kisukari

Nilivuka mpaka wa Busia kwa sababu ya somo moja. Katika shahada yetu ya uzamili, wanafunzi wa fani mbalimbali za afya hutumwa pamoja kwa mgonjwa mmoja, wajifunze kushirikiana. Mimi, muuguzi kutoka upande wa Kenya, nilipangwa na Opio, daktari mwenye sauti kubwa, na Zaina, mfamasia wa Tororo asiyekubali kushindwa neno.

Tororo mjini, baba yake Zaina alituazima pikapu iliyonuka dagaa. Tulibanana mbele, wenzangu wakibishana njia nzima ni nani atangulie kumhoji mgonjwa.

Tulipofika kijijini Mulanda, mgonjwa wetu, Mzee Owor, aliinuka kutusalimu, akayumba, akaketi tena. Mkono wake ulikuwa baridi, umelowa jasho.

"Mzee, umekula?" nikamwuliza.

"Sikula. Daktari alipiga simu jana, anasema nisikule mpaka anipime damu."

"Na dawa ya sukari?"

"Nakunywa. Mama wa dawa naye alipiga, anasema nisiache hata siku moja."

Opio na Zaina walitazamana. Kila mmoja alikuwa amepiga simu bila kumwambia mwenzake, na sasa, kwa dawa bila chakula, sukari ya mzee ilikuwa imeshuka vibaya.

"Mama, leta sukari!" tukapaza sauti sote watatu.

Mkewe, Mama Athieno, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Sukari? Si nyinyi watu wa hospitali mlisema itamuua? Mimi nilificha."

Mzee alianza kusinzia. Opio akapiga magoti mavumbini. "Mama, nakuomba, leo tu!" Zaina akamweleza haraka, nami nikaingia na mama ndani. Alikuwa ameifukia sukari kwenye gunia la mtama. Nilikoroga vijiko kadhaa kwenye maji, mzee akanywa taratibu. Tukampima, tukangoja kwa hofu, tukampima tena.

Mwishowe alifumbua macho vizuri, akaona punje za mtama kikombeni, akamgeukia mkewe. "Kumbe ilikuwa kwa mtama!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, Mama Athieno akienda kupika uji. Alipotuaga alisema, "Siku ingine mzungumze nyinyi kwa nyinyi kwanza, halafu mtupigie simu."

Jioni, tukirudi Tororo, mhadhiri wetu alipiga simu kuuliza kama tumejifunza kushirikiana. Opio alitaka kujibu, kisha akatugeukia. Tukashauriana kwanza, kisha tukamwachia Zaina ajibu.