Salamu Niliyoitunga Siku ya Mataifa

Kila mwezi ofisi inayohudumia wanafunzi wa kigeni chuoni kwetu Doha, Qatar, ilitutumia barua pepe yenye nyuso tano. Wa kwanza ulikuwa unalia, wa mwisho ulicheka mpaka ukafumba macho, na swali lilikuwa moja tu: unajisikiaje? Wenzangu hosteli walishajua mambo. Walibonyeza uso unaocheka wakaendelea na maisha yao. Mimi, kwa ushamba wa mwaka wa kwanza, nikabonyeza uso wa katikati, maana siku hiyo sikuwa nikilia wala kucheka. Nilikuwa nangojea nguo zangu zitoke kwenye mashine.

Kesho yake nikaitwa ofisini.

Afisa wetu alikuwa mama wa Kiairishi, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Nilikuwa nasomea uuguzi, kwa hiyo sauti hiyo niliijua. Sisi wenyewe tulikuwa tunafundishwa kuitoa. Alinikalisha kwenye kiti laini, akanisogezea kisanduku cha karatasi za kufutia machozi, akasubiri nianze.

"Unakumbuka nyumbani?" aliniuliza alipoona sianzi.

"Sana," nikasema. Kiti kilikuwa kizuri, kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na huko nje kulikuwa na joto kali hata paka wa chuo walikuwa wameingia chini ya magari na kugoma kutoka. Ningekubali lolote nikae pale dakika kumi zaidi.

Nilichokubali, kumbe, ni meza. Siku ya Mataifa ilikuwa imebaki wiki mbili na Kenya haikuwahi kuwa na meza. Afisa aliamini kabisa kwamba mtu anayekumbuka kwao hupona akipewa meza apambe. Akaandika jina langu kwenye orodha, akanishika bega, akaniambia nina ujasiri.

Mwaka huo mwanafunzi Mkenya nilikuwa mimi peke yangu. Wakenya wengine pale chuoni walikuwa wakiendesha mabasi, wakipika, wakilinda mageti, na hao barua pepe ya nyuso haikuwafikia. Aliyekuwa karibu nami zaidi hata hakuwa Mkenya. Alikuwa mlinzi wa mlango wa hosteli yetu ya wasichana, Mganda wa Jinja, aliyewahi kufundisha hesabu sekondari kabla ya kuja Doha kukagua kadi zetu. Aliniita msomi, na sikuwahi kujua kama ni heshima au kejeli.

"Meza ya Kenya," alisema nilipomweleza. "Sasa utaweka nini?"

"Chapati."

"Chapati si ya Wahindi?"

"Usianze."

Lakini alisema kweli. Siku yenyewe ilipofika, ukumbi ulikuwa na meza nne zenye chapati, na zilizoungua ni zangu tu. Niliweka pia pakiti ya majani ya chai, leso mbili, na blanketi jekundu la miraba ambalo afisa alilinunua duka la samani akidhani ni vazi letu. Kwetu ni Webuye. Babangu huvaa suti ya kijivu hata akienda kukamua ng'ombe. Nililivaa hilo blanketi hata hivyo, na nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye visigino.

Watu walikuja wakauliza waliyotaka kuuliza. Kama tuna intaneti. Kama ninaongea Kiafrika. Mmoja alitaka kujua nilijifunza lini kuvaa viatu, nikamwambia ni pale uwanja wa ndege. Nilikuwa nimesimama kwa saa tatu, na adabu ilikuwa imeanza kunipungukia, ndipo afisa akaja na daftari lake. Alikuwa anaandika kitabu kidogo cha kuwasaidia wafanyakazi wa chuo kuwapokea wanafunzi wa mataifa yote.

"Wakenya husalimiana vipi?" akaniuliza.

"Tunapeana mikono," nikasema.

Kalamu ilisimama. Alinitazama kwa huruma, kama nimemficha kitu kwa sababu ya aibu. "Na ile ya asili?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia kwamba ya asili ni kugusanisha viwiko, mara tatu, taratibu, kisha kila mmoja anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Kiwiko nilikitoa kwenye siku za korona. Mkono kifuani niliuona palepale Doha, kwa wazee wa Kiqatari wasiotaka kumshika mwanamke mkono. Hizo mara tatu nilizitia chumvi tu.

Afisa aliandika yote. Kisha akageuka kwa mlinzi wangu, ambaye siku hiyo alikuwa amewekwa mlango wa ukumbi, hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. "Na kwenu Uganda?"

Mlinzi alisimama wima. Uso wake haukutikisika. "Sisi ni mara nne, Madam," akasema. "Mkwe, mara tano."

Afisa aliandika na hilo. Alipoondoka, mlinzi aliendelea kutazama mbele kama sanamu, ila mabega yalikuwa yakimtetemeka. Kwa wiki nzima kila nilipopita mlangoni alininyoshea kiwiko kabla ya kuangalia kadi yangu. Ikaisha, au nilidhani imeisha.

Mwaka wa masomo uliofuata nilianza kwa mafunzo ya hospitali. Basi lilituchukua alfajiri likaturudisha tukiwa hatufai kwa lolote. Ndipo akaja Mkenya mwingine, msichana wa Kisauni, Mombasa, aliyekuja kusomea kompyuta. Aliniandikia kwenye simu kunisalimu, nikamjibu kwamba nitapita chumbani kwake. Sikupita. Ilipita wiki, ikapita ya pili.

Ijumaa moja alinigongea mwenyewe. Alikuwa mwembamba, amevaa buibui, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani kwa kukusumbua," alisema. "Nataka kukuuliza jambo. Watu wa huku husalimiana vipi?"

"Kwa nini?"

Akaniambia. Uwanja wa ndege alipokewa na mama mrefu wa ofisini, ambaye alimnyoshea kiwiko, akakigonga chake mara tatu, kisha akaweka mkono kifuani. Msichana alifikiri ndiyo desturi ya Qatar. Hakutaka kuonekana hana malezi, kwa hiyo akaanza kusalimia hivyo kila mtu. Profesa wake wa Kiqatari aliitikia kwa viwiko vitatu, bila kucheka. Mama wa maktaba vilevile. Karani wa usajili alihesabu kwa sauti. Kumbe wote walikuwa wamesoma kile kitabu cha afisa na walikuwa wanajitahidi kumfanya Mkenya ajisikie nyumbani, na yeye anajitahidi kuwaheshimu Waqatari katika nchi yao.

Mpaka alipokutana na mtu ambaye hakukisoma kitabu. Kwenye foleni ya kafeteria alimnyoshea kiwiko msichana wa Kiqatari aliyeshika chai ya karak, ile ya maziwa na iliki wanayokunywa huku kutwa kucha. Chai ilimwagika yote kwenye abaya ya mwenzake. Msichana yule alisema si kitu, lakini mwanafunzi mwingine alikuwa anarekodi kwa simu. Video iliingia kwenye kundi la darasa. Watu waliitia muziki.

"Siendi tena kule kula," alisema. "Nanunua biskuti. Nieleze tu, nimekosea wapi? Ni mara ngapi?"

Ningemwambia pale pale. Badala yake nilimtazama usoni nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa hospitali, salamu zao sizijui vizuri. Alinishukuru. Akafunga mlango mwenyewe alipotoka, polepole, asinisumbue.

Nilikitafuta kile kitabu kwenye barua pepe zangu, maana wanafunzi tulitumiwa wote na hakuna kati yetu aliyekifungua. Ukurasa wa Kenya ulikuwa na maneno yangu, yamepambwa kidogo. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba kwa majirani zao wa Uganda idadi ni nne.

Nilimpelekea mlinzi pale mlangoni. Alisoma ukurasa mara mbili. "Huyu mtoto wa watu alilia?"

"Alilia."

"Basi anza naye. Ofisini utakwenda baadaye." Alinirudishia simu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na huko ofisini, mimi usinitaje. Wewe watakupa kiti na karatasi za machozi. Mimi watanipa tiketi ya kurudi kwetu."

Nilimkuta msichana wa Kisauni anakunja nguo kitandani. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote, kuanzia blanketi. Hakunikatiza. Aliendelea kukunja, kipande kimoja baada ya kingine, na kila kipande kilikuwa kinazidi kuwa kidogo.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na jana nimekuja kwako, ukanambia hujui."

"Ndiyo."

"Haya. Toka kwanza."

Nikatoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na nilitamani sana angepiga kelele.

Jumapili, wiki ilipoanza, nilikwenda kwa afisa. Nilikalia kile kiti laini na safari hii kilikuwa kigumu. Nilimwambia salamu ile haipo, haijawahi kuwepo, niliitunga. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda taratibu hadi masikioni. Alikuwa ameifundisha kwenye semina ya maafisa wa vyuo vingine. Nadhani kuna watu hadi leo huko Doha wanagonga viwiko kwa sababu yangu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuambia ukweli kwanza," nikasema. "Hukuuandika."

Alifungua droo, akatoa lile daftari, akatafuta ukurasa. Alikuwa ameuandika. Ulikuwa pale: wanapeana mikono. Pembeni alikuwa ameweka alama ya kuuliza.

"Na mlinzi?" akasema.

"Ulimuuliza swali mbele ya watu akiwa kazini. Angekujibu nini?"

Hakuendelea na hilo, namshukuru. Alifunga daftari akasugua macho, na ile sauti ya hospitali ilikuwa imemtoka kabisa. "Huko kwetu watalii huniuliza kama tunakula viazi tu."

"Unawajibu nini?"

"Ndiyo. Asubuhi, mchana na jioni." Alicheka kidogo, bila furaha nyingi, kisha akawa afisa tena. Ukurasa ungefutwa siku hiyohiyo. Mpya ningeuandika mimi, pamoja na yule msichana, na usingetoka kabla hatujakubaliana sote wawili.

Msichana alikubali kwa sharti moja: kwanza niende naye kwa profesa wake na nieleze mwenyewe. Tukaenda. Profesa, mama wa makamo mwenye miwani nzito, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi niliogopa nisipoitikia mtasema Waqatari hatuna adabu," alisema. "Nilifanya mazoezi na mume wangu." Msichana wa Kisauni aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na safari hii hakuwa analia.

Video haikufutwa. Ilisahaulika tu, baada ya mhadhiri mmoja kwenda msalani na kipaza sauti chake hakijazimwa. Watu walipata sauti nyingine ya kuitia muziki.

Kuuandika ule ukurasa kulituchukua Ijumaa tatu. Tulikaa kwenye benchi karibu na mlango wa hosteli, na mlinzi akipumzika alijiunga nasi kutuharibia zaidi.

"Andika shikamoo," alisema msichana.

"Webuye hatusemi shikamoo."

"Ndiyo maana mkawa hivyo."

"Muandike mnavyokunywa chai," mlinzi akapendekeza, na hapo tukagombana upya, kwa kuwa mmoja wetu anaona chai bila maziwa ni maji ya kuoshea vikombe. Tulifuta chakula, tukafuta mavazi, tukafuta ngoma. Mwishowe ilibaki mistari miwili: Wakenya hawafanani. Waulize majina yao, uyatamke sawasawa.

Afisa alisema ukurasa umebaki mtupu sana. Akaweka picha ya twiga. Tulimwachia.

Mlinzi alihamishiwa jengo la ofisi huko Lusail kabla ya mwaka kwisha. Aliniandikia kwamba wanaoingia pale hawamtazami usoni na kwamba amerudi kusoma hesabu jioni, kwenye simu. Msichana wa Kisauni hakunisamehe kwa siku moja. Alianza kunituma kwanza: nimchukulie hiki, nimrudishie kile, nami nikaenda bila kuuliza. Ramadhani ilipofika alinigongea, akasema amesikia kuna duka Umm Salal lenye tui la nazi la maana, na kwamba nitamsindikiza. Tulipanda basi adhuhuri, yeye amefunga, mimi naona haya kunywa maji mbele yake. Dukani alichukua kopo la kwanza, akasoma, akalikataa. La pili akalikataa. La tatu alilitikisa karibu na sikio, akanipa nilishike, akaendelea kutafuta.