Laptop iliyorudi kwa Mama Feni mara ya tatu

Jua limeshapanda na bati la kibanda linalia ta, ta, ta kwa joto. Mama Feni hainui kichwa. Mbele yake, juu ya kipande cha zulia, kompyuta mpakato nyeusi imelala kifudifudi, na skrubu zake zimepangwa ndani ya kifuniko cha chupa.

Mwenye mali amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

“Mama, mimi nakuheshimu,” anasema. “Lakini hii ni mara ya tatu.”

“Najua kuhesabu, mwanangu. Ingia ndani, utoke juani.”

“Hapa kwako inakimbia kama swala. Nikifika nyumbani, mchana, inatambaa. Naandika neno, nakaa, nasubiri, ndiyo linatokea. Halafu feni inanguruma, halafu giza.”

Kutoka kibanda cha pili, fundi mwenzake anapaza sauti kupitia ufa wa ukuta: “Mwambie anunue mpya, Mama Feni! Hiyo imezeeka!”

“Na wewe umezeeka, mbona hatujakubadilisha?”

Safu nzima ya vibanda inacheka. Mteja hacheki. Kazi yake ni kunukuu: anapelekewa sauti za mikutano, anasikiliza kwa vipokea sauti, anachapa kila neno. Ameshachelewesha kazi mara mbili mwezi huu. Kampuni imemwambia kwamba kazi anayotakiwa kutuma kesho jioni ndiyo ya mwisho kusubiriwa. Akichelewa, nafasi anapewa mtu mwingine.

“Kodi ya chumba inatoka humo,” anasema, akionyesha ile mashine iliyofunguliwa tumbo. “Yote.”

Mama Feni anachukua bisibisi. Wanaomfahamu wangejua amekasirika. Si kwa mteja. Amejikasirikia mwenyewe.

Hakuanza na kompyuta. Kwa miaka kumi na minne alitengeneza vyerehani, kazi aliyofundishwa na shangazi yake baada ya kuacha shule. Nguo za dukani ziliposhuka bei, mafundi nguo wakapungua, na vyerehani vya kutengeneza vikapungua navyo. Akaomba kukaa kwenye kibanda cha fundi simu, akifagia na kutazama. Mashine ya kwanza aliyoruhusiwa kuigusa ilikuwa na feni iliyokwama. Akaipaka mafuta kama anavyopaka cherehani, ikazunguka. Jina likamganda hapo hapo.

Msimu wa joto ndio mavuno yake. Katika kila mashine kumi anazoletewa, saba zinalalamika jambo hilohilo.

“Kompyuta si mjinga,” anaeleza. “Ikiona inataka kuungua, inapunguza mwendo yenyewe. Watu wanasema imekuwa nzito, imeingiwa na virusi. Haina virusi. Inahema.”

Dawa za nyumbani ameziona nyingi. Kuna baba mmoja aliiweka laptop kwenye friji, kati ya maziwa na mayai. “Aliniletea inatoka jasho kama mgonjwa wa homa. Nikamwuliza, na mayai yako uliyapasha moto wapi?”

Hii nyeusi alishaifanyia yote ya kawaida. Mara ya kwanza alisafisha feni. Mara ya pili alibadilisha dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea, maana ile ya zamani ilikauka kama udongo. Mara zote mbili aliiwasha hapa mezani asubuhi, bati likiwa bado la baridi, ikafanya kazi vizuri, akairudisha kwa mwenyewe.

Sasa anafanya jambo dogo ambalo mafundi wa safu hii hawalifanyi. Hapa kila mtu husafisha kwa blowa. Unatoka nje, unageuza uso pembeni usije ukala vumbi la watu, unapuliza, limekwisha. Wingu linaondoka na upepo. Hakuna anayelitazama.

Safari hii anaiacha blowa chini. Anachukua kibano na kuvuta taratibu kilichoziba matundu ya kutolea hewa. Kinatoka kipande kizima, laini, kama godoro la panya.

Anakisogeza kwenye mwanga. Si kijivu. Kina nyekundu, kina buluu, kina uzi mmoja wa njano.

“Hili si vumbi la barabarani,” anasema. Anakisugua kati ya vidole. “Hiki nimekitoa kwenye vyerehani miaka kumi na minne. Nyumbani kwako nani anashona?”

“Mume wangu.”

“Chumba hichohicho?”

“Kingine tungekitoa wapi, mama?”

Mama Feni anasafisha, anafunga skrubu, halafu anafunga na kibanda. Jirani anachungulia. “Unakwenda wapi na wateja wanakuja?”

“Kumwona mgonjwa kwake. Hapa ananidanganya.”

Chumba kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, dirisha moja, bati juu bila dari. Kuna kitanda, cherehani, rundo la sare za shule zisizo na vifungo, na meza moja. Mume anainuka, futi ya kupimia shingoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Endeleeni kama sipo. Fanyeni kila kitu mnavyofanya siku zote.”

Basi wanafanya. Mume anamalizia kupiga pasi suruali ya mwisho, anaiondoa pasi. Mke anakunja nguo, anafuta meza kwa kiganja, anaweka laptop palepale na kuvaa vipokea sauti. Meza imetandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili na shuka juu yake, kama meza ya kupigia pasi inavyotandikwa popote.

Mama Feni anasubiri kwenye ukingo wa kitanda. Haipiti nusu saa, feni inaanza kupiga kelele. Maneno yanachelewa kwenye kioo. Mke anamgeukia. “Si unaona? Si unaona mwenyewe?”

Fundi anainuka, anaingiza mkono chini ya shuka, mbali kidogo na mashine. Anautoa haraka.

“Blanketi limeiva,” anasema. “Pasi imeondoka, moto umebaki.”

Wanatazamana. Asubuhi na usiku, anapouliza, wanamjibu kwamba mashine haisumbui. Wao waliona ni jua, kwa sababu mchana ndio jua. Kumbe mchana ndio pia saa ambayo mume anaiachia meza ikiwa bado ya moto. Mashine inavuta hewa kutokea chini. Chini kuna blanketi, linaziba na kuchoma kwa pamoja, na hewa kidogo inayopita inakuja na nyuzi.

“Mara mbili nimewarudishia na sikuuliza inakaa juu ya nini,” anasema Mama Feni. “Hilo ni langu. Sasa tuitoe hapo.”

“Tuipeleke wapi?” mume anauliza. “Blanketi siwezi kulitoa, nikipiga pasi juu ya mbao tupu sare za watu zitang’aa kama sufuria.”

“Nipe ule ubao.”

Ni ubao wa kukatia vitambaa, umesimama ukutani, laini na mnyoofu. Mume anaukumbatia kabisa.

“Ubao wangu wa kukatia? Mama, ungeomba figo, tungezungumza.”

“Weka figo yako. Mimi nataka ubao.”

“Mwaka mzima nimeutafuta ubao usiopinda!”

Mke anavua vipokea sauti. “Umenijaza nyuzi puani miaka mitatu, nimenyamaza. Umejaza na kompyuta. Kazi hii ikiondoka kesho, juu ya huo ubao utakatia vitambaa barabarani. Utoe.”

Mume anauachia.

Mama Feni anaulaza juu ya masanduku mawili chini ya dirisha, upande usio na cherehani. Anaomba roli tupu za uzi, zile za plastiki, nne za kimo kimoja, anazipanga kama miguu na kuisimamisha laptop juu yake. Hewa inapita chini kwa uhuru. Anafunga programu zilizokuwa wazi bila kazi. Halafu anakataa kuondoka.

“Kazi imekwisha, mama,” mume anamwambia.

“Haijaisha. Mara mbili niliondoka kwenye kazi iliyokwisha.”

Anakaa hadi jua linapohama dirishani, kila mara akipeleka mkono pembeni ya mashine kupima hewa inayotoka. Ni ya moto, ndiyo, lakini inatoka. Mke anachapa. Maneno yanakuja anapoyaita. Mume amerudi kwenye cherehani na kukigeuza kielekee ukuta mwingine bila kuambiwa na mtu.

“Mama,” anauliza baadaye, “na cherehani changu nacho kinapata joto. Hukipaki dawa?”

“Hicho hakihitaji dawa, kinahitaji fundi anayejua kushona. Wewe pumzika.”

Mke anacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, lakini vidole haviachi kuchapa.

Siku ya pili, kabla ofisi ya kampuni haijafungwa, kazi ilitumwa. Jibu lilikuja likiwa na sauti nyingine ndani yake, ya mkutano mrefu kuliko wa kwanza. Hakuna aliyempongeza mke. Alipewa kazi, na yeye alikuwa hataki zaidi ya hapo.

Mume ameshapata kipande kingine cha mbao. Anasema kimepinda, na anasema hivyo kila siku.

Mama Feni naye ana mpango. Anataka kukodi kibanda cha mwisho wa safu, kile kinachopigwa na jua mchana kutwa na ambacho mafundi wote wamekikimbia. Humo ataweka meza ndefu isiyo na feni. Kila mashine itafungwa skrubu zote, itawashwa na kupewa kazi nzito hadi jua lishuke, na mwenye mashine ataulizwa inakaa juu ya nini nyumbani kwake. Hakuna itakayotoka asubuhi tena.

Jirani yake anamcheka kupitia ufa wa ukuta. Anasema wateja wana haraka, hawatakubali kusubiri.

“Watasubiri,” anasema Mama Feni, akivuta mashine inayofuata. “Mimi nimechoka kusifiwa asubuhi na kutukanwa jioni.”